Daktari Cook wa Mengo na Vijana Wetu wa Wodini

Kila muhula wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi hupita hapa Moi's Bridge wakiwa ndani ya matatu, wengine wakielekea Kitale, wengine Webuye na Bungoma, makoti yao meupe yangali na mikunjo ya dukani. Wanakwenda kuanza mafunzo ya wodini. Niwaonapo humkumbuka mtu ambaye aghalabu hawamjui, ingawa jirani zetu wa Uganda wanamjua vyema: Sir Albert Cook, daktari wa Mengo.

Cook alizaliwa London mwaka 1870, akasomea Cambridge na kisha katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alitumwa Uganda na wamisionari wa CMS. Reli ya Mombasa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa, hivyo msafara wao uliikata nchi hii kwa miguu, ukawasili Mengo Februari 1897. Miongoni mwao alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye Cook alimwoa mwaka 1900. Hospitali ilifunguliwa Mei 1897. Mwaka 1902 radi iliteketeza majengo, wakajenga upya. Mwaka 1901 Cook na nduguye Jack, naye daktari, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale katika Uganda, kabla ya maradhi hayo kufagia watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Victoria.

Hayo yamesimuliwa mara nyingi. Linalonivuta mimi ni jinsi mtu huyu alivyokikaribia kitanda cha mgonjwa. Hakuridhika na mkalimani. Alijifunza Kiganda, kisha akatunga kitabu cha msamiati wa tiba na maswali ya kumuuliza mgonjwa kwa lugha hiyo, ili daktari ajaye baada yake asiingie wodini akiwa bubu. Pili, aliandika. Kila mgonjwa aliyelazwa alikuwa na kumbukumbu zake: ni nani, katoka wapi, analalamikia nini, daktari kaona nini, na mambo yaliishia wapi. Aliandika hata katika miaka ambayo wagonjwa walifurika kuliko vitanda.

Mwaka 1917, wakati vita vikiendelea, Cook alianzisha Mengo shule ya kuwafunza Waafrika kuwa wasaidizi wa tiba. Katharine naye alishika upande wa ukunga, na mwaka 1921 shule ya wakunga ya Lady Coryndon ikafunguliwa. Wasichana waliotoka humo walienda kuzalisha vijijini, mbali na jicho la mwalimu, na kwa sababu hiyo mikono na mwenendo wao ilibidi viwe tayari kabla ya kuondoka. Serikali ilipoanzisha mafunzo ya tiba Mulago mwaka 1924, penye hospitali ambayo chanzo chake ni kituo alichokianzisha Cook mwaka 1913, njia ilikuwa imekwisha kulimwa.

Nisimfanye malaika. Cook aliamini kwamba kaswende ilikuwa imeenea Buganda kupita kiasi, na wanahistoria wa baadaye wamesema kwamba mengi aliyoyaita kaswende huenda yalikuwa buba au maradhi mengine ya ngozi yanayofanana nayo. Mahubiri na uchunguzi vilichanganyika, na wanawake wa Buganda walilipia mchanganyiko huo kwa kupimwa kwa namna iliyowavunjia heshima. Sioni sababu ya kulificha. Mwanafunzi wa leo ana haki ya kujua kwamba hata mwenye mkono stadi anaweza kumwona mgonjwa kupitia hukumu aliyokuja nayo kutoka kwao.

Sasa turudi kwetu. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi, kule Eldoret, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990, na tangu awali kimewapeleka vijijini wakaishi na watu na kuyajua maradhi yao. Ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, katika hospitali moja ambayo sitaitaja nilimwona kijana, sijui wa chuo gani, akimfunua ajuza blanketi bila salamu, bila pazia, macho yake yakiwa kwa mwalimu. Alitaja majina ya misuli na mishipa bila kukosea hata moja. Yule kukhu alivuta kanga akajisitiri, akageukia ukutani, na alipoulizwa maumivu yalianza lini hakujibu. Kijana akaandika kwamba mgonjwa hasemi.

Angelisema tu mulembe, kukhu, angelijibiwa. Nani alimfundisha hilo kabla hajaingia wodini? Kudunga sindano hufunzwa kwa sanamu za plastiki, na ni vyema, kwani afadhali sanamu ikosewe kuliko mtoto wa mtu. Lakini kuomba ruhusa ya kumgusa mtu, kuvuta pazia, kunawa mikono mgonjwa akiona, kutunza siri, kukiri mbele ya mkubwa kwamba hujui, haya huachwa yaokotwe njiani, kana kwamba ni tabia ya kuzaliwa nayo. Ningependa vyuo vitenge majuma kamili ya kuyafunza na kuyatahini, na asiyefaulu asivuke mlango wa wodi. Hapa petu, penye Wabukusu, Wanandi, Wakikuyu na Waturkana katika foleni moja, ningeongeza maamkizi na maswali kumi kwa kila lugha. Cook alihitaji lugha moja tu. Vijana wetu wanahitaji nne, nao wamezaliwa nchini humu.

Katharine alifariki mwaka 1938, Sir Albert mwaka 1951. Kumbukumbu za Mengo zilibaki. Mwaka 1964 watafiti walichapisha uchunguzi wa saratani uliotokana na majalada ya hospitali hiyo ya tangu 1897 hadi 1956, wakaweza kujua uvimbe gani uliwapata watu wa Buganda kabla hospitali haijawa na maabara ya maana. Waliwasoma wagonjwa waliokuwa wamekufa zamani, kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyeketi kando ya kitanda, akauliza kwa Kiganda, akaandika alichojibiwa.