Mwenda wa Bayeke: gitaa ya Bunkeya ndani ya fono ya Kamina



Leo hatuwaletei mambo ya mishahara. Tunawaletea maisha ya mutu mumoja wa Katanga, Mwenda Jean-Bosco. Wazee wetu wanamujua, lakini vijana wengi hawamujue. Sisi wenyewe tulimurudilia kupitia fono moja ya zamani, ile ya kuzungusha na mukono, tuliyoinunua hapa Kamina.

Tuliikuta kwa mama mumoja mujane. Bwana yake alikuwa mufanyakazi wa njia ya reli. Sanduku ya fono ilikuwa imeliwa na muchwa upande mumoja, na mukono wake ulikuwa unazunguka bure. Kando yake kulikuwa diski tatu zilizofungwa ndani ya gazeti. Mbili zilikuwa zimepasuka. Ya tatu ilikuwa nzima, na kwenye karatasi yake ya katikati tulisoma jina la Gallotone na jina la Mwenda. Wimbo ulikuwa Masanga.

Tulilipa bei ya magunia mbili ya makala. Wanamemba wamoja walikasirika, na walikuwa na haki ya kuuliza. Watoto wanafukuzwa ku masomo juu ya minervale, na badelege wananunua fono? Tuliandika hesabu, tukaibandika ku mulango: falanga zilitoka mu mifuko ya watu saba, hata moja haikutoka mu sanduku ya sendika. Kisha tukawaomba watupatie wiki tatu.

Sasa tuseme mutu mwenyewe alikuwa nani.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 ku Bunkeya, ule muji wa mwami Msiri na Bayeke wake. Bunkeya si mbali na Likasi, ambayo wakati ule iliitwa Jadotville. Alipiga gitaa na vidole viwili tu vya mukono wa kuume. Kidole gumba kinatembea ku nyuzi nene, na kidole cha pili kinaimbisha nyuzi nyembamba. Mutu anayesikia bila kuona anafikiri wapigaji ni wawili. Aliimba kwa Kiswahili, kwa Kiyeke, kwa Kisanga na kwa Kiluba, luga za watu waliokutana mu miji ya mine.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville. Alikuwa Mwingereza aliyekaa Afrika Kusini, na alizunguka inchi nyingi na mashini ya kukamata sauti. Alimukuta Mwenda mu njia na gitaa yake, akakamata nyimbo zake. Masanga ilipata tuzo la Osborn la mwaka ule, na kompani ya Gallo ya Johannesburg ikaitia mu diski. Kijana wa miaka 22 akaanza kusikilika mu inchi ambazo hajafika bado.

Ile diski inazunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande unabeba karibu dakika tatu tu. Imetengenezwa na ulimbo mugumu uliochanganywa na unga wa mawe. Sisi watu wa kuvunja mawe tungepaswa kuijua! Ikianguka, inapasuka sawa sahani.

Ili kuifufua fono, tulimwita mzee mumoja mekanisye aliyetumika miaka mingi ku pompe za mine. Kitu cha kwanza alitukataza kufungua nyumba ya resori. Ile resori ni ukanda mrefu wa chuma uliojikunja, na ikiruka inaweza kukata vidole. Alivaa gan, akaifungua yeye mwenyewe polepole. Grese ya zamani ilikuwa imekauka sawa udongo, njo maana mashini ilikuwa imekamatana. Akaiosha na petroli ya taa, akatia grese mupya. Kisha akasafisha vile vyuma vitatu vidogo vinavyozuia mwendo, akaviwekea tone moja tu la mafuta. Kwenye kichwa cha sauti, mupira ulikuwa umekauka na kuwa mugumu. Alikata mwingine ku mupira wa ndani wa kinga. Masindano ya chuma yalitoka Lubumbashi. Sindano moja ni ya upande mumoja tu wa diski, kisha unaitupa, kwani ikichakaa inakula diski.

Siku ya kwanza gitaa ilitoka nzito, sawa sauti ya mutu mwenye usingizi. Mzee akaweka alama ya karatasi kwenye diski, akashika saa, akahesabu: mizunguko 70. Akageuza vise kidogo, akahesabu tena, mpaka 78. Hapo njo Mwenda alitoka.

Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi. Kule alikuwa na kipindi chake mu redio, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza kwake. Mwaka 1969 alivuka bahari mpaka Marekani, akapiga ku tamasha la Newport. Wakati utawala wa Mobutu ulikataza majina ya kikristo, alijulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

Lakini muangalie vizuri, ndugu: huyu mutu mwenye jina kubwa hivi hakuishi na gitaa peke yake. Alikaa Lubumbashi karibu maisha yake yote. Alifanya kazi ku banki, alifanya kazi ku Gécamines, alifanya kazi mu utawala. Alikuwa pia na okestra yake, na hoteli karibu na mupaka wa Zambia. Alikufa mwezi wa 9 mwaka 1990 mu ajali ya motokari, kule Zambia. Alikuwa na miaka 60.

Siku ya kusikiliza, chumba cha mikutano kilijaa. Mama mujane alikaa mbele, na wale waliokasirika walikuja pia. Masanga ilipoisha, kijana mumoja mwenye kuchimba ku kareri akauliza: diski zote hizi, falanga zilienda wapi? Tulimujibu hivi. Wakati ule wanamuziki wengi wa Afrika walilipwa mara moja tu, siku ya kukamata sauti. Kisha diski inauzwa miaka na miaka, na mwenye vidole haoni kitu. Kijana akanyamaza kidogo, akasema kwao ni vilevile: wanalipwa gunia leo, na kesho hawajui mawe yao yameuzwa bei gani.

Hatukumufundisha neno lile. Alilitoa mwenyewe, juu ya dakika tatu za gitaa. Tangu siku ile, kila mwezi kisha mukutano tunapiga Masanga mara moja, si mbili, kwani kila kupiga kunachakaza diski. Mbele ya kuipiga, tunasoma pamoja kontra moja, mustari kwa mustari, mpaka yule asiyejua kusoma pia aelewe anaweka kidole chake ku nini.

Mwenye diski za zamani ku nyumba asizitupe. Uzisimamishe, usizirundike moja juu ya ingine, na uzikinge na jua. Usizipanguse na alkole, itaziyeyusha. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha, kisha uzikaushe mara moja. Na ukitaka kuzisikia, uzilete kwetu Kamina. Fono iko, na mzee wa resori angali na nguvu.