Hans Selye: Aliyebuni jina la maradhi ambayo hakuyachunguza

HANS Selye anakumbukwa ulimwenguni kwa utafiti wake kuhusu mfadhaiko. Wachache wanajua kwamba ndiye pia aliyebuni jina la maradhi hatari yanayowaandama watu ambao figo zao zimeharibika kabisa: kalsifilaksia.

Selye alizaliwa Vienna mnamo Januari 26, 1907, akiwa mwana wa daktari wa jeshi. Alisomea udaktari Prague, akahitimu 1929, kisha akaenda Marekani na hatimaye Canada. Mnamo 1936, akiwa Chuo Kikuu cha McGill, alichapisha makala fupi iliyoeleza jinsi mwili unavyokabiliana na madhara ya kila aina. Kuanzia 1945 aliongoza taasisi ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Montreal.

Huko ndiko alikofanya majaribio yaliyozaa kitabu chake cha 1962 kuhusu kalsifilaksia. Aliwapa panya vitamini D au homoni inayopandisha kalsiamu mwilini, na baada ya muda akawachokoza kwa kuwatia kemikali au kuwajeruhi. Kalsiamu ilirundikana ghafla mahali hapo, nyama ikawa ngumu.

Baadaye matabibu waliowaona wagonjwa wa figo wakipata vidonda vyeusi walilitwaa jina hilo. Hata hivyo, mambo hayo mawili si mamoja. Kwa binadamu, kalsiamu huganda katika kuta za mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi. Mishipa huziba, na ngozi hufa kwa kukosa damu. Panya wa Selye hawakuwa na kasoro hiyo. Jina likadumu, lakini majaribio yale hayakuonyesha njia ya tiba.

Dalili ya mapema ni maumivu makali kuliko jeraha linaloonekana. Mapaja, tumbo au miguu hupata mabaka ya zambarau yenye umbo la wavu na vivimbe vigumu, kisha vidonda vyenye vigaga vyeusi. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine akilalamika hivyo, asipuuzwe. Zaidi ya nusu ya wanaougua hufariki katika muda wa mwaka mmoja, wengi kutokana na vidonda kuingiwa na viini.

Daktari huzichunguza upya dawa zote, hasa wafarini, vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Fosfeti katika damu hudhibitiwa, muda wa kusafisha damu huenda ukaongezwa, vidonda huuguzwa kwa uangalifu na maumivu hutulizwa. Thiosalfeti ya sodiamu hutumiwa sana, ingawa ushahidi wa manufaa yake ungali dhaifu.

Selye alipendekezwa mara nyingi kwa Tuzo ya Nobel bila kuipata. Alifariki Montreal mnamo Oktoba 16, 1982. Jina alilolibuni kwa ajili ya panya lingali likiandikwa kwenye faili za wagonjwa, na kwao kulitambua mapema ni suala la uhai na kifo.