Mary Leakey: Binti wa mchoraji aliyeivumisha Rusinga duniani

WAGENI wengi wanaovuka daraja la Mbita kuingia kisiwa cha Rusinga, katika Kaunti ya Homa Bay, huenda kuzuru kaburi la Tom Mboya. Ni wachache wanaotambua kwamba miaka 21 kabla ya Mboya kuuawa, jina la kisiwa hicho lilikuwa tayari limeandikwa katika magazeti ya London. Sababu ilikuwa jino moja lililochomoza kwenye mteremko, na mwanamke mmoja aliyekuwa na jicho la kuliona.

Mwanamke huyo ni Mary Leakey, aliyefariki dunia jijini Nairobi mnamo Desemba 9, 1996, akiwa na umri wa miaka 83. Mara nyingi hutajwa kwa ufupi tu, akiwa kivulini mwa mumewe, Dkt Louis Leakey. Hata hivyo, wasomi wengi wa historia ya binadamu wanakubaliana kwamba uvumbuzi mkubwa uliolipa jina la Leakey sifa ulitokana na macho na mikono ya mama huyu.

Ajabu ni kwamba hakuwahi kufaulu mtihani wowote wa shule. Elimu yake ya awali aliipata njiani, katika safari za kutazama sanaa barani Ulaya, akiongozwa kwanza na baba yake na baadaye na kasisi wa kijiji.

Mary Douglas Nicol alizaliwa London mnamo Februari 6, 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari. Mama yake, Cecilia, alitoka katika ukoo wa Frere, jina ambalo si geni kwa wakazi wa Mombasa. Mtaa wa Freretown, uliokuwa makao ya watumwa walioachiliwa huru, ulipewa jina la Sir Bartle Frere, mmoja wa watu wa ukoo huo. Aidha, babu yao wa kale, John Frere, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Uingereza kutambua, mnamo 1797, kwamba mawe yaliyochongwa yaliyofukuliwa ardhini yalikuwa zana za watu wa zamani za kale.

Riziki ya Nicol ilikuwa katika brashi yake. Kila mwaka alikwenda nchi za nje kuchora, kisha akarudi London kuuza picha zake, na fedha zikipatikana familia ilifunga mizigo tena. Hivyo ndivyo Mary alivyozunguka Ufaransa, Italia na Uswisi akiwa mtoto. Shule ya kudumu hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni baba aliyemfundisha kutazama: mwanga unavyoanguka juu ya jiwe, mstari unavyopinda, rangi inavyobadilika jua linapopanda. Mkaa bure si sawa na mtembea bure, na kwa binti huyu matembezi yalikuwa ndiyo darasa.

Kasisi na mapango

Mnamo 1925, Mary akiwa na miaka 12, familia ilikaa Les Eyzies, kijiji cha kusini magharibi mwa Ufaransa kilichozungukwa na mapango ambamo watu wa kale waliishi na kuchora. Mtaalamu mmoja, Elie Peyrony, alikuwa akichimba huko. Alimruhusu msichana huyo na baba yake kuchambua udongo uliokwisha kutupwa kando. Humo Mary aliokota vipande vya mawe yaliyochongwa, akavipanga kwa namna alivyoona vinafanana. Huo ulikuwa mkusanyiko wake wa kwanza.

Kutoka hapo walihamia kijiji cha Cabrerets, na ndiko walikokutana na Padri Amédée Lemozi. Kasisi huyo hakuwa mfanyabiashara wa utalii. Alikuwa mchungaji wa waumini wachache wa mashambani ambaye muda wake wa ziada aliutumia kuyachunguza mapango ya eneo lake. Miaka michache tu kabla, mwaka wa 1922, vijana wa hapo walikuwa wamejipenyeza katika pango la Pech Merle na kukuta michoro ya farasi wenye madoadoa na alama za viganja vya mikono, iliyokuwa imehifadhiwa gizani kwa zaidi ya miaka 25,000.

Lemozi aliipeleka familia hiyo ya watu watatu kuitazama sanaa hiyo. Halikuwa kundi kubwa na hapakuwa na haraka. Palikuwa na mwenyeji aliyeijua kila kona na mtoto aliyeuliza maswali. Mary alitoka humo akiwa ameamua atakachokifanya maishani, ingawa hakujua njia ya kukifikia.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka wa 1926 baba yake aliugua na kufariki dunia wakiwa huko huko Cabrerets. Mary alikuwa na miaka 13. Mama alimrejesha Uingereza na kumtia katika shule za watawa wa Kikatoliki, ambazo zilimshinda. Ya kwanza ilimfukuza kwa kukataa kukariri mashairi mbele ya watu. Ya pili ilimfukuza baada ya kusababisha mlipuko katika maabara ya kemia. Mama alipouliza kama binti yake angeweza kupata nafasi katika Chuo Kikuu cha Oxford, alishauriwa asijisumbue.

Kalamu ya wino

Kilichomwokoa Mary ni kipaji alichorithi. Alihudhuria mihadhara ya akiolojia na jiolojia jijini London bila kusajiliwa kuwania shahada, na kuanzia 1930 alifanya kazi katika uchimbaji wa Hembury, kusini magharibi mwa Uingereza. Huko alichora zana za mawe kwa wino kwa umakini uliowashangaza wakubwa wake. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alimwajiri achore zana alizozipata Misri, na mwaka wa 1933 akamkutanisha na Louis Leakey, Mwingereza aliyezaliwa Kabete, ambaye alitafuta mchoraji wa kitabu chake.

Uhusiano wao ulizua kashfa, kwani Louis alikuwa na mke na watoto wawili. Chuo Kikuu cha Cambridge, alikokuwa na matumaini ya kujenga jina, kilimgeuzia mgongo. Hatimaye wawili hao walifunga ndoa mkesha wa Krismasi, 1936, na maisha yao yakawa Afrika Mashariki.

Mary alikuwa amekwisha kuionja Tanganyika mwaka wa 1935, alipofika Korongo la Olduvai kwa mara ya kwanza na pia kuona michoro ya majabali ya Kondoa. Nchini Kenya aliongoza uchimbaji katika kilima cha Hyrax karibu na Nakuru kuanzia 1937, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yeye na mumewe walifanya kazi Olorgesailie, ambako mashoka ya mawe yalikuwa yametapakaa chini kana kwamba wenyewe wameondoka jana.

Jino la Rusinga

Louis alikuwa ameanza kuchunguza Rusinga tangu 1931. Kisiwa hicho kina hazina kwa sababu ya mlima wa moto wa kale, Kisingiri, uliokuwa bara, ng'ambo ya maji. Mamilioni ya miaka iliyopita mlima huo ulitapika majivu yaliyofunika misitu na wanyama. Kemikali zilizokuwamo katika majivu hayo ziligeuza mifupa kuwa mawe haraka, na hata mbegu, matunda na wadudu vikahifadhiwa.

Mnamo Oktoba 2, 1948, Louis alikuwa ameinama akishughulikia mabaki ya mamba. Mary hakuwa na hamu na mamba. Aliendelea kutembea peke yake, macho chini, na kwenye mteremko akaona vipande vya mfupa na jino. Alimwita mumewe, wakapiga magoti na kuanza kuufagia udongo kwa brashi. Lilikuwa fuvu la Proconsul, sokwe wa kale asiye na mkia aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Vipande vyake vidogo vidogo Mary alivichekecha, akavipanga na kuvigandisha pamoja hadi uso ukaonekana. Halikuwa limewahi kupatikana fuvu kamili kiasi hicho la sokwe wa zama hizo.

Mary mwenyewe ndiye aliyelisafirisha kwa ndege hadi Uingereza, na waandishi wa habari walimngojea uwanjani. Fuvu likapelekwa Oxford kuchunguzwa na Profesa Wilfrid Le Gros Clark. Lilikaa Uingereza kwa miaka mingi kabla ya kurejeshwa Kenya, ambako limehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa kwa nambari KNM-RU 7290. Herufi RU zinasimama badala ya Rusinga.

Ikumbukwe kwamba kazi hii haikufanywa na wawili peke yao. Heselon Mukiri, Mkenya aliyeandamana na Louis tangu ujana wao, alikuwa nguzo ya misafara hiyo, na mwaka wa 1993 wanasayansi walimpa sokwe huyo jina la heseloni kwa heshima yake. Mwaka wa 2015 wataalamu walibadilisha sehemu ya kwanza ya jina pia, akawa Ekembo, neno la Kisuba. Kwa hiyo, kiumbe aliyepata umaarufu Ulaya kwa jina la kigeni sasa anaitwa kwa lugha ya wenyeji wa ziwa. Lakini wengi waliobeba maji, kuendesha mashua na kupepeta udongo juani hawakuandikwa popote, na hilo ni deni ambalo historia ya zama za ukoloni bado haijalilipa.

Kurudi kwenye michoro

Umaarufu wa Rusinga ulifungua mikono ya wafadhili. Mwaka wa 1951 Mary aliutumia kufanya kazi iliyokuwa moyoni mwake tangu siku za Pech Merle. Kwa takriban miezi mitatu alikaa Kondoa, katikati ya Tanganyika, akinakili michoro ya majabali: twiga, swara, watu wanaocheza, wapiga filimbi. Aliweka karatasi angavu juu ya mwamba, akafuatisha kila mstari, kisha akachora upya kwa rangi. Alihesabu kipindi hicho kuwa miongoni mwa nyakati zenye furaha kubwa maishani mwake. Michoro hiyo ilikusanywa katika kitabu mwaka wa 1983, na kichwa chake kilionya kuwa sanaa hiyo inatoweka. Mwaka wa 2006 UNESCO iliitambua Kondoa kuwa urithi wa dunia.

Mengine yanajulikana zaidi. Mnamo Julai 17, 1959, Louis akiwa kitandani na homa, Mary alitoka na mbwa wake na kukuta Olduvai fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka milioni 1.75. Louis alifariki 1972, na Mary akaendelea peke yake. Mwaka wa 1978 kikosi chake kilifukua Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu miaka milioni 3.6 iliyopita. Oxford, ambayo mama yake alishauriwa asiisumbue, ilimtunuku shahada ya heshima mwaka wa 1981.

Nani ataongoza?

Nchi ya Homa Bay bado haijamaliza kutoa siri zake. Mwaka wa 2023 watafiti walitangaza kwamba zana za mawe zilizopatikana Nyayanga, katika rasi ya Homa, zina umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Pamoja nazo yalipatikana magego ya kiumbe wa jamii moja na Zinjanthropus wa Mary.

Sanaa nayo ipo. Katika kisiwa cha Mfangano, jirani na Rusinga, miamba ya Mawanga na Kwitone ina michoro ya duara na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe, inayosadikiwa kuwa kazi ya wawindaji walioishi huko kabla ya Waluo na Waabasuba kufika. Makavazi ya jamii ya Abasuba yamejitahidi kuitunza. Katika kaunti jirani ya Migori kuna Thimlich Ohinga, ngome ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashika, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Wazungu wanalipa fedha nyingi kutembezwa katika miji ya kale ya kwao kutazama kuta na picha. Sisi tunavyo vyote viwili kando ya ziwa moja.

Tunachokikosa ni Lemozi. Jiwe halijielezi, na mchoro wa mwambani kwa asiyeelezwa ni doa la rangi tu, ambalo mchungaji atawasha moto chini yake na mvulana ataandika jina lake juu yake. Wanafunzi wa Mbita na Macalder hupelekwa Nairobi kuona majumba marefu, ilhali wengi hawajawahi kuvuka kwenda Mfangano wala kugusa ukuta wa Thimlich. Gharama ya kuwafikisha huko ni ndogo kuliko ile ya basi la Nairobi. Kinachohitajika ni serikali za kaunti na shule kuwalipa wenyeji wanaoyajua maeneo hayo, ili wawaongoze watoto wachache wachache, bila haraka.

Wengi wa watoto hao watarudi nyumbani na kusahau. Lakini kati yao huenda yupo mmoja ambaye mitihani imemshinda, aliyezoea kukemewa kwa kuchora pembeni mwa daftari. Kwa msichana wa aina hiyo, alasiri moja katika pango, pamoja na kasisi mwenye subira, ilitosha kubadilisha yale ambayo dunia inayajua kuhusu asili yake.