Nightingale, muuguzi wa daftari

Wengi wanamjua Florence Nightingale kwa taa yake. Mfanyabiashara angemtambua zaidi kwa daftari.

Alizaliwa mwaka 1820 katika familia tajiri ya Kiingereza, ambayo haikutaka awe muuguzi. Mwaka 1853, alipokabidhiwa hospitali ndogo ya Harley Street, London, alidai maji ya moto yafike kila ghorofa kwa bomba, chakula kipandishwe kwa lifti na kengele zioneshe mgonjwa aliyeita. La sivyo, muuguzi angeshinda kwenye ngazi.

Novemba 1854 aliwasili Scutari, Uturuki, na wauguzi 38. Hospitali ya jeshi ilikuwa juu ya mifereji ya majitaka iliyoziba. Februari 1855, takriban asilimia 42 ya waliotibiwa walikufa. Machi ikaja tume ya usafi, mifereji ikazibuliwa. Kufikia Juni vifo vilikuwa kama asilimia 2.

Hesabu hizo alizichorea michoro kuibana serikali. Kisha akatunga fomu moja ya takwimu kwa hospitali zote. Anayejaza karatasi tofauti kila upande wa mpaka ataelewa kwa nini. Hospitali kadhaa za London zilizijaribu, zikaziacha: ndefu mno, na za gharama.

Alifariki mwaka 1910, akiwa na miaka 90.