LOUIS ARMSTRONG, BINGWA WA TARUMBETA

Mimi ni mmojawapo wa wapiga tarumbeta katika bendi ya shule yetu. Mara nyingi nimesikia watu wakisema kwamba muziki wa jazi ni kelele za wahuni tu. Kwa hiyo nimeona vema niwasimulie kwa kifupi maisha ya Louis Armstrong, ili kila mtu ahukumu mwenyewe.

Armstrong alizaliwa tarehe 4 Agosti, 1901, katika mtaa wa maskini mjini New Orleans, kusini mwa Marekani. Baba yake aliwaacha, naye tangu utotoni akafanya kazi ya kuuza magazeti na makaa ya mawe. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola hewani barabarani. Polisi wakamkamata, akapelekwa katika nyumba ya watoto wakosefu.

Huko ndiko alikopata bahati yake. Mwalimu wa bendi, Peter Davis, hakumwamini mara moja, kwa sababu ya sifa mbaya ya mtaa wake. Hata hivyo alimpa tari, kisha ngoma, na mwishowe koneti, yaani tarumbeta fupi. Kijana akajifunza kwa bidii hata akafanywa kiongozi wa bendi.

Zamani hizo jazi ya New Orleans ilipigwa na wote pamoja: koneti ilishika wimbo, klarineti ikaupamba kwa juu, tromboni ikajibu kwa chini, kila mmoja akitunga sehemu yake papo hapo. Mwaka 1922 King Oliver, mpiga koneti mashuhuri, alimwita Armstrong Chicago. Toka 1925 mpaka 1928 Armstrong alitoa santuri na vikundi vyake, Hot Five na Hot Seven. Humo alionyesha jinsi mpigaji mmoja awezavyo kutoka mbele, wenzake wakampisha, akasimulia hadithi nzima kwa tarumbeta peke yake. Mwaka 1926 aliimba santurini kwa sauti zisizo na maneno, kana kwamba koo lake ni tarumbeta. Swingi ya bendi kubwa za miaka ya 1930, na bibopu ya miaka ya 1940, zote zilijengwa juu ya msingi huo.

Mwaka 1957 watoto weusi walizuiwa kuingia shule moja huko Little Rock. Armstrong aliilaumu serikali hadharani, akakataa kwenda Urusi kwa niaba yake. Mwaka 1960 alizuru Afrika, akapiga muziki Kongo na Kenya. Alifariki New York tarehe 6 Julai, 1971.

Samaki mkunje angali mbichi. Bendi yetu inazo tarumbeta mbili zisizo na wapigaji. Nawaomba wazazi wasiwakataze watoto wao, na walimu wasimwonee shaka mwanafunzi kwa sababu ya mtaa anaotoka. Mazoezi ni kila Jumatano baada ya masomo. Karibuni.