Georges Köhler: Aliyezipa maabara kingamwili zisizokwisha

MWANASAYANSI Georges Köhler alifariki mjini Freiburg, Ujerumani, Machi 1, 1995, akiwa na umri wa miaka 48 tu. Hata hivyo, kazi aliyoifanya kabla ya kutimiza miaka 30 ingali inawafaa wagonjwa kote duniani.

Köhler alizaliwa mjini Munich mnamo Aprili 17, 1946. Baada ya kuhitimu shahada ya uzamifu, alijiunga mwaka 1974 na maabara ya César Milstein, mzaliwa wa Argentina, mjini Cambridge, Uingereza.

Wakati huo wataalamu walikabiliwa na tatizo sugu. Seli zinazotengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya maradhi, hufa upesi zitolewapo mwilini. Seli za saratani nazo huzaana bila kikomo. Wawili hao waliunganisha seli za panya aliyedungwa chembe za damu ya kondoo na seli za saratani, ili kila seli mpya irithi sifa zote mbili.

Kibarua kilichosalia kilikuwa kuchagua seli zilizotoa kingamwili iliyotakiwa. Köhler alitumia mbinu iliyobuniwa na Niels Jerne, mtafiti wa asili ya Denmark. Chembe nyekundu za damu ya kondoo zilinaswa katika rojo ili zisisogee. Kingamwili ilipong'ang'ania utando wa nje wa chembe hizo, viambato vya damu vilivyoongezwa humo vilizipasua, na duara angavu likaizunguka seli iliyohusika.

Jioni moja, Köhler alishuka na mkewe hadi chumba cha chini ya jengo kutazama matokeo, bila matumaini makubwa. Alipoona maduara yametapakaa, alimbusu mkewe kwa furaha.

Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Nature mnamo Agosti 1975. Ugunduzi huo haukusajiliwa kwa hataza, hivyo kampuni za dawa zikavuna utajiri ambao wagunduzi hawakuuonja. Mwaka 1984, Köhler, Milstein na Jerne walituzwa Nobel ya Tiba.

Leo, kipimo cha haraka cha malaria, ambacho hutoa jibu kwa tone moja la damu, hutegemea kingamwili za aina hiyo. Dawa kadhaa za saratani pia ni zao la mbinu iyo hiyo.