Askofu Frank Weston wa Zanzibar (1871–1924): Maisha na Sala za Jirani Yetu

Msomaji aweza kujiuliza kwa nini kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika wa Kilutheri kitoe kurasa zake kwa askofu wa Kanisa jingine, tena askofu ambaye, lau angalikuwa hai na kualikwa katika jubilei hii, asingalikubali kuikaribia Meza ya Bwana pamoja nasi. Jibu la kwanza limo katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya 21, inayofundisha kwamba watakatifu hawaombwi, ila yafaa wakumbukwe, ili tujifunze kutokana na imani yao na matendo yao mema. Jibu la pili ni la ujirani. Historia ya Injili katika Korogwe na Handeni haiwezi kuandikwa kwa wino wa Walutheri peke yao.

Wamisionari wa Kijerumani walianza Mlalo mwaka 1891, wakaenea Vuga, Lutindi na Bumbuli, wakaishika milima ya Usambara. Chini ya milima, katika Bonde na Uzigua, walikuwako tayari Waingereza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee waliizoea kwa herufi zake nne, U.M.C.A. Makao yao makuu upande wa bara yalikuwa Magila. Korogwe na Kideleko vilikuwa vituo vyao. Reli kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakapanuka, watu wa milimani na watu wa bondeni wakakutana sokoni, kambini na katika ndoa. Hivyo ndivyo Walutheri walivyoanza kumsikia askofu wa majirani zao, mtu mwenye msimamo mkali ambaye, hata hivyo, ilisemwa kwamba hukesha usiku akiomba.

Frank Weston alizaliwa kusini mwa London tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma Dulwich, kisha Chuo cha Trinity, Oxford, akahitimu theolojia mwaka 1893 katika daraja la kwanza. Angeweza kubaki chuoni kuwa mwalimu. Akachagua kwenda Stratford, mashariki ya London, mahali pa vibarua na nyumba zilizosongamana, ambako chuo chake kilikuwa na misheni miongoni mwa maskini. Alipadirishwa mwaka 1895, akahudumu pia Westminster. Mwaka 1898 akavuka bahari kuja Zanzibar, na kwa muda wa miaka ishirini na sita iliyobaki ya maisha yake Afrika ilikuwa nyumbani kwake.

Unguja alikuta Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Altare yake husemwa kuwa imesimama pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Mahali hapo palimwingia moyoni. Aliwafundisha waliokuwa wakijiandaa kwa upadre huko Mazizini, na mwaka 1901 akawa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kilichowalea walimu na makasisi wengi wa Bonde na Uzigua. Alijifunza Kiswahili hata akaweza kuhubiri, kufundisha na kusikiliza maungamo kwa lugha hiyo bila mkalimani. Kwa kazi ya kusikiliza maungamo hilo si jambo dogo, maana mtu hawezi kuifungua dhambi yake mbele ya mgeni anayemwelewa nusu nusu.

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya ajulikane kuwa mtu wa Mungu. Weston alikuwa Mwanglikana wa mrengo wa Kikatoliki. Katika makanisa yake Mkate uliowekwa wakfu ulihifadhiwa katika tabenakulo, juu ya altare au kando yake, ili wagonjwa wapelekewe na waumini wapate kusali mbele yake. Sisi Walutheri hatufanyi hivyo. Tunakiri kwamba mwili na damu ya Kristo vimo kweli katika mkate na divai ya Chakula cha Bwana, na kwa ajili ya ukiri huo Martin Luther alikataa katakata kuridhiana na Zwingli huko Marburg mwaka 1529. Lakini twaamini kwamba Sakramenti ilitolewa ili iliwe na kunywewa. Weston alikwenda mbele ya hapo. Kwake tabenakulo ilikuwa mlango ambao nyuma yake Bwana mwenyewe alikuwa akimngoja.

Basi alikwenda. Baada ya kazi ya mchana, barua, mashauri na malalamiko yasiyokwisha, aliingia kanisani usiku akapiga magoti kwa saa nyingi. Walioishi naye walizoea kumkuta huko, katika giza lenye taa moja, akiwa ametulia kama mtu anayesikiliza. Umaarufu wake haukujengwa juu ya njozi wala sauti za ajabu, kama zile zinazosimuliwa katika maisha ya Teresa wa Avila au Katerina wa Siena. Kilichowagusa watu ni kwamba huyu msomi, mwepesi wa hoja na mkali wa kalamu, alipotoka katika sala alionekana kuwa ametoka kwa Mtu anayemjua. Furaha yake ilikuwa dhahiri, na wanafunzi wa Kiungani waliiona kabla hawajaelewa theolojia yake.

Yapo miongoni mwetu mashaka juu ya sala ya namna hii, kana kwamba ni mali ya Roma. Mashaka hayo hayana msingi mkubwa. Luther kijana alizipenda mahubiri za Johannes Tauler, mwalimu wa sala ya ndani wa Zama za Kati, naye ndiye aliyekipiga chapa mara ya kwanza, mwaka 1516, kile kijitabu cha watu wa sala kiitwacho Theologia Germanica, kisha akakitoa kwa ukamilifu mwaka 1518. Anayetaka kuukataa ukimya mbele za Mungu itambidi amkatae na Luther pia.

Mwaka 1907 Weston alitoa kitabu chake kizito kuliko vyote, kiitwacho The One Christ. Ndani yake alishindana na swali la jinsi Mwana wa Mungu alivyojiwekea mipaka, akayaishi maisha ya kibinadamu yenye njaa, machozi na kutojua. Hilo halikuwa zoezi la darasani. Mtu aliyekaa saa nyingi mbele ya Mungu aliyejishusha hawezi kumtazama mpagazi barabarani kama alivyomtazama jana. Mwaka uliofuata, 1908, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Zanzibar, dayosisi iliyojumuisha visiwa na nchi ya bara hadi Uzigua. Mwaka 1911 alianzisha shirika la masista, Jumuiya ya Mateso Matakatifu, ambalo alitaka liunganishe sala ya daima na kazi ya mikono miongoni mwa Waafrika.

Ugomvi uliompa jina duniani kote ulizuka mwaka 1913. Mwezi Juni wa mwaka huo wamisionari wa makanisa kadhaa ya Kiprotestanti walikutana katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu, Kenya, kutafuta shirikisho la makanisa. Mkutano ulimalizika kwa Ushirika Mtakatifu ulioongozwa na Askofu Peel wa Mombasa, nao wasio Waanglikana wakashiriki. Weston alipopata habari aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa uzushi na utengano. Hukumu yake ilitugusa nasi Walutheri, kwa kuwa kwa kipimo chake wachungaji wetu, wasiowekewa mikono na askofu wa mfululizo wa mitume, hawakuwa na Sakramenti kamili.

Hatuna sababu ya kulainisha neno hilo. Lilikuwa gumu, na kwa Mlutheri lingali gumu. Lakini yafaa kuona lilikotoka. Kwa Weston, Meza ya Bwana ndipo mahali alipomwona Bwana wake kila siku. Hakuweza kuifanya kuwa njia ya kuonyesha urafiki kati ya misheni na misheni. Kuna kejeli ndogo hapa: juu ya uwepo halisi wa Kristo katika Chakula chake, Askofu huyu alikuwa karibu zaidi na wachungaji wa Vuga na Mlalo kuliko na wengi wa wale waliokutana Kikuyu. Milima na mabonde yetu yalikuwa jirani, lakini hakuna aliyeketi kulizungumza hilo. Halafu vita ikaja.

Kuanzia mwaka 1914 wamisionari Waingereza waliokuwa katika ardhi ya Wajerumani walikamatwa. Walimu na makasisi Waafrika wa Bonde nao walikamatwa, na wengine wakafungwa minyororo kwa kudhaniwa kuwa wapelelezi. Mwaka 1916 Serikali ya Uingereza ilihitaji wapagazi wa kubeba mizigo ya majeshi yake. Weston alikubali kuandaa Kikosi cha Wapagazi cha Zanzibar, akapewa cheo cha meja, akaandamana nao pwani ya bara kwa miguu. Wapagazi waliokufa katika vita ile, kwa maradhi, njaa na uchovu, ni makumi ya maelfu. Askofu aliona jinsi mtu mweusi anavyohesabiwa pale anapokuwa mgongo wa kubebea tu.

Mwaka 1918 alichapisha barua ya wazi juu ya ukatili wa utawala wa Wajerumani, akiwaita Waafrika waliokuwa chini yao watumwa weusi wa Prussia. Humo mna mambo ya kweli, kwa kuwa viboko na kazi za kulazimishwa vilikuwapo. Lakini aliyeisoma katika milima yetu angeweza kuuliza kwa haki kuhusu Lutindi, ambako tangu mwaka 1896 Wajerumani waliwalea watoto waliokombolewa utumwani, na baadaye wakawatunza wagonjwa wa akili ambao hakuna mwingine aliyewataka. Barua ile iliandikwa wakati wa vita, na kalamu ya wakati wa vita huona upande mmoja.

Kinachomwokoa Weston na lawama ya upendeleo ni kilichofuata. Mwaka 1919 serikali ya Kiingereza nchini Kenya iliwaagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, himizo ambalo kila mtu alijua kuwa ni shurutisho. Mwaka 1920 Weston alitoa kijitabu, safari hii akiwaita Waafrika watwana wa Uingereza, akaenda London kuwakabili wakubwa wa nchi yake mwenyewe. Mwaka 1921 Wizara ya Makoloni iliagiza kwamba serikali isiwatafutie waajiri binafsi vibarua kwa nguvu. Katika mwaka huohuo wa 1920 maaskofu Waanglikana walikutana Lambeth na kutoa wito wa umoja kwa Wakristo wote. Waliomkumbuka mtu wa Kikuyu walitazamia aupinge. Aliuunga mkono.

Mwezi Julai 1923 aliongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana wa mrengo wake mjini London. Aliwaudhi wengi nchini mwake kwa kumpelekea Papa salamu kwa jina la mkutano. Hotuba yake ya mwisho ndiyo iliyodumu. Wasikilizaji wake walikuwa wamepigana miaka mingi wapate haki ya kuwa na tabenakulo katika makanisa yao. Aliwaambia kwamba sasa wamepata, watoke nje wakamtafute Yesu yuleyule katika watu wa matambara na wanaodhulumiwa, na kwamba asiyemhurumia katika vibanda vya maskini hana haki ya kudai kuwa anamwabudu katika altare. Hapo saa zile za usiku Mkunazini, Stratford ya ujana wake na wapagazi wa mwaka 1916 vilikutana katika maneno machache.

Alirudi Afrika akaendelea na safari zake. Katika ziara upande wa bara mwaka 1924 alipata jipu. Lilipopasuliwa sumu ikaingia katika damu, na dawa za kuiua sumu ya namna hiyo zilikuwa bado hazijapatikana. Alikufa Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo Kanisa lake huwakumbuka marehemu wote. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Mwaka 1946 masista wa shirika alilolianzisha waliwakusanya wasichana Waafrika waliotaka maisha ya nadhiri, nacho kikazaliwa Chama cha Mariamu Mtakatifu, kilichoenea hata Korogwe na Kwa Mkono. Huko Kwa Mkono, wilayani Handeni, masista wa Weston walihudumu katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na watoto wenye ulemavu wa miguu walipata huko matunzo ambayo hayakupatikana kwingine karibu. Walutheri wengi wa Handeni walizaliwa humo, au walimfikisha humo mama mgonjwa usiku, na mlangoni hakuna aliyewauliza kwanza walibatizwa wapi.